Gari linachemsha: tupeane uzoefu kabla hatujafungua hedi

Wakuu, gari likichemsha tu, neno la kwanza linalosikika ni "gasketi ya hedi imekufa", yaani kizibo kilicho kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku. Mara nyingi siyo. Kabla hujanunua kifaa chochote, jiulize: linachemsha wakati gani? Likichemsha kwenye foleni na mshale wa joto ukashuka ukipata mwendo, shika feni kwanza, maana barabarani upepo unaifanyia kazi yake. Likitulia kwenye foleni likachemsha mlimani au kwenye kasi, maji hayazunguki vya kutosha: rejeta (inayopoza maji) imeziba, wota pampu imechoka, au thamostati (valvu ya joto inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta) inafunguka nusu. Likichemsha dakika chache baada ya kuwashwa likiwa baridi, angalia kiwango cha maji, halafu thamostati. Mwenye uzoefu aweke hapa, ila ataje na kipimo.

#2
Feni: washa AC, injini ikiwa inaunguruma. Kwenye magari mengi feni inatakiwa izunguke hapo hapo. Isipozunguka, kagua fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), kisha chomoa plagi ya feni uipe moto wa betri moja kwa moja. Ikizunguka, mota ni nzima ila moto haufiki. Ikigoma, mota imekufa. Kuna kosa moja linalopoteza mafundi wengi: nyaya zimefungwa kinyume, feni inazunguka vizuri lakini inasukuma hewa mbele badala ya kuivuta. Kama feni iko nyuma ya rejeta, weka karatasi mbele ya rejeta. Inatakiwa inate. Ikipeperuka, geuza nyaya.

#3
Thamostati ipimwe, isikisiwe. Imegongwa namba, kwa mfano 82 au 88, ambayo ni nyuzi joto inapoanza kufunguka. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, weka na kipimajoto, pasha taratibu. Ianze kuachia karibu na namba hiyo na ifunguke yote nyuzi 10 hadi 15 juu yake. Ikitolewa kwenye maji ijifunge kabisa.

Tafadhali, tuache kutoa thamostati na kuendesha bila. Nyingi zina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato injini ikishapata joto. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi mlimani. Kwenye mwendo mwepesi nalo linakaa baridi mno, kompyuta inaongeza mafuta, na ulaji unapanda.

#4
Msidharau mfuniko wa rejeta. Ule ulioandikwa 1.1 unashikilia mgandamizo unaofanya hata maji matupu yasichemke hadi karibu nyuzi 120. Mpira wake ukipasuka au springi ikilegea, maji yanachemka mapema na kumwagikia kwenye tangi la akiba. Ukikuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta umebonyea kama umenyonywa, kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko kimenata na maji hayarudi kutoka kwenye tangi. Badilisha, na usiweke wenye namba kubwa kuliko ya mwanzo.

#5
Basi tuitendee haki gasketi ya hedi. Injini ikiwa baridi kabisa, funga mfuniko na uwashe. Mpira wa juu ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, maji hayajapata joto la kuleta mgandamizo huo, kwa hiyo ni gesi ya silinda inayoingia. Thibitisha kwa ile dawa ya bluu ya kupimia gesi, iliyo ndani ya kichupa kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta: kwa injini ya petroli, ikigeuka manjano, gesi ipo. Vipovu peke yake havitoshi, maana hewa iliyonaswa nayo hutoa vipovu, ila hiyo huisha.

Hedi ikishafunguliwa, laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, urefu, upana na kona kwa kona, upitishe fila (vibati vyembamba vya kupimia uwazi) chini yake. Kikomo cha injini nyingi kiko kati ya milimita 0.05 na 0.10, fuata kitabu cha injini yako. Kufunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kurudia kazi.

#6
Naongeza kutoa hewa, kwa sababu matengenezo mazuri huharibikia hapo. Inua pua ya gari, weka hita kwenye joto la mwisho, jaza taratibu, legeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo. Acha injini iungurume mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ukiongeza maji yanaposhuka. Hita ikipuliza baridi huku mshale ukipanda, bado kuna hewa au maji ni pungufu.

#7
Na likichemsha njiani: simama, zima, usiguse mfuniko. Ukiufungua, mgandamizo unaondoka na maji yaliyopita nyuzi 100 yanageuka mvuke papo hapo, yanakurukia usoni. Subiri mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono na ubonyee. Usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, hedi inapasuka. Kama uliongeza maji njiani, ukifika mwaga yote, weka kulanti (dawa ya kupozea injini) na maji yaliyochujwa chumvi nusu kwa nusu. Maji ya bomba huacha magaga ndani ya vijia vya rejeta, na ndiyo yanayoiziba.