Tumbo la Jumapili usiku: nisubiri au nimpeleke kwa mtaalamu?

MamaKifunguaMimba
Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu ana miaka 9. Tangu muhula uanze, Jumapili ikifika jioni tumbo linamsokota; Ijumaa jioni mzima kabisa. Daktari kampima choo, mkojo na damu, hakuna kitu. Mama mkwe anasema ni deko tu.

Kilichonishtua juzi ni daftari. Saa 4 usiku namkuta anaandika, anafuta, anaandika, anafuta, mpaka ukurasa umetoboka, na bado anafuta kandokando ya tundu. Kumuuliza kulikoni, machozi yakamtoka bila sauti. Hata kuruka kamba kaacha, na yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wenzake. Naogopa kumbandika ugonjwa asio nao.

BabaWawili
Dada, deko halitoboi daftari. Wangu wa kiume hakuwa mnyonge, alikuwa mkali kama pilipili, tukamgombeza miezi tukidhani ni utundu. Kumbe mtoto mwenye huzuni anaweza kuonekana mwenye hasira tu. Siku hizi najiuliza: tatizo limedumu muda gani, na limemnyang'anya nini? Likivuka wiki mbili na linamnyima usingizi, masomo au michezo, nenda. Wako kamba imeshaondoka.

NesiWaZamu
Umefanya vyema kuanza na vipimo. Ila usimwambie anajifanya: wasiwasi huuma tumbo kwelikweli. Mtaalamu wa afya ya akili ya watoto hambandiki mtu jina la ugonjwa mlangoni. Atazungumza nawe, atacheza au kuchora naye, na kwa wasiwasi wa namna hii kwa kawaida huanzia kwenye mazungumzo, si vidonge. Mpelekee maandishi ya wiki moja: kalala saa ngapi, tumbo limeanza lini, nini kilitangulia. Na mwalimu aulizwe.

Kisichongoja wiki mbili ni hiki: akisema bora asingezaliwa, au ukiona amejiumiza, ni siku hiyohiyo. Muulize waziwazi kama amewaza kufa. Swali halimpandikizii wazo.

MamaKifunguaMimba
Nimemuuliza, mikono ikinitetemeka. Kasema hapana, ila anachoka "kuogopa kukosea". Shuleni nimeambiwa mwalimu mpya husoma alama za kila mtoto kwa sauti mbele ya darasa, kila Jumatatu. Hilo tutalizungumza, nimekasirika. Miadi ni Alhamisi. Nimemwambia tunakwenda kwa mtu wa kuongea naye. Kaniuliza kama alete daftari.