Ushauri: Tovuti ya kurasa 6 imekamilika, nataka kuiweka hewani kwenye seva ninayoisimamia mwenyewe

Kasia Moja

Wakuu, salaam. Nina tovuti ya nyumba ya wageni: kurasa sita za HTML na CSS, na fomu moja ya PHP ya mgeni kuulizia chumba. Kwenye kompyuta yangu ya Windows inafunguka vizuri. Jina la .co.tz nimeshalipia. Nina kompyuta ya mezani ya zamani, RAM 8 GB, imekaa tu.

Je, niigeuze hiyo kuwa seva hapa nyumbani kwa intaneti ya laini ya simu, au nikodi VPS, yaani seva ndogo ya kukodi mtandaoni? Nikikodi, ya ukubwa gani, na nianze na lipi? Kwenye video kila mwalimu ana mpangilio wake. Nataka kujifunza, kwa hiyo "mtafute mtu akufanyie" sitaki.

Nanga

Mkuu, ya nyumbani iache. Kompyuta yenyewe haina shida, hiyo RAM ni nyingi mno kwa kurasa sita. Kikwazo ni anwani ya IP. Kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, mpango unaoitwa CGNAT. Ombi likitoka kwako, jibu linajua njia ya kurudi. Lakini mgeni anayebisha hodi kutoka nje hafiki kwako, kwa sababu mtambo wa kampuni haujui ni mteja yupi kati ya hao anatafutwa.

Hakikisha mwenyewe. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tazama anwani ya WAN (ya upande wa intaneti). Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au ikianza na 10, uko nyuma ya CGNAT, na hata ukifungua poti zote za ruta ni kazi bure. Umeme ukikatika nao ni hadithi nyingine.

Kodi VPS ya CPU moja, RAM 1 GB, diski ya GB 20 au 25. Inatosha na kubaki. Ile ya zamani iwekee Ubuntu Server iwe uwanja wa mazoezi: vuruga, futa, anza upya.

Pweza wa Nchi Kavu

Kurasa sita na fomu moja, VPS ya nini? Hostingi ya kawaida yenye cPanel (paneli ya kuendesha tovuti kwa kivinjari), unapakia faili, umemaliza. VPS ukiisahau miezi sita bila masasisho, wadukuzi wanaitumia kuwatumia watu barua taka.

Bi Amri

Pweza ana hoja, na kama mwenye nyumba ya wageni angekuwa na haraka ningemuunga mkono. Ila kaka amesema anataka kujifunza, na tovuti ndogo ndiyo ya kujifunzia.

Kasia, chukua Ubuntu 24.04 LTS. Anza na DNS (daftari linalotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya IP), maana ndiyo inayochelewa. Ingia kwa msajili uliyemlipia jina. tzNIC ni masjala tu, rekodi unazibadilishia kwa msajili. Weka rekodi mbili za aina ya A, moja ya `@` na moja ya `www`, zote zielekee IP ya VPS. TTL, yaani sekunde ambazo rekodi hukumbukwa, iwe 300 kwa sasa, ili ukikosea usisubiri sana.

Wakati hiyo inasambaa, fungua PowerShell utengeneze ufunguo wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali):

`ssh-keygen -t ed25519`

Zinatoka faili mbili. Yenye `.pub` ndiyo unayompa mtoa huduma, wengi wana sehemu ya kuibandika unapoagiza seva. Isiyo na `.pub` haitoki kwenye mashine yako. Ukishaingia kama root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), tengeneza mtumiaji wa kawaida:

```
adduser kasia
usermod -aG sudo kasia
rsync --archive --chown=kasia:kasia ~/.ssh /home/kasia
```

Toka, ingia kama kasia, kisha:

```
sudo apt update && sudo apt upgrade
sudo apt install nginx php-fpm
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 'Nginx Full'
sudo ufw enable
```

Nginx ndiyo programu inayowapa wageni kurasa, ufw ni ukuta wa kuzuia maunganisho. Mambo mawili hapo. Andika `php-fpm`, usiandike `php` peke yake. Ukiandika `php` tupu, Ubuntu inakuletea na Apache, halafu Apache na Nginx wanagombea poti 80 na mmoja hawaki. Pili, OpenSSH iruhusiwe KABLA ya `ufw enable`. Ukigeuza mpangilio utajifungia nje ya nyumba na funguo ziko mezani. Hapo dawa ni konsoli iliyo kwenye tovuti ya mtoa huduma.

Sasa faili ya `/etc/nginx/sites-available/jinalako`:

```
server {
    listen 80;
    listen [::]:80;
    server_name jinalako.co.tz www.jinalako.co.tz;
    root /var/www/jinalako;
    index index.html index.php;

    location / {
        try_files $uri $uri/ =404;
    }

    location ~ \.php$ {
        include snippets/fastcgi-php.conf;
        fastcgi_pass unix:/run/php/php8.3-fpm.sock;
    }
}
```

Iwashe:

```
sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/jinalako /etc/nginx/sites-enabled/
sudo nginx -t
sudo systemctl reload nginx
```

Kwenye `ln -s` andika njia nzima kuanzia `/`. Ukiandika kifupi unapata kiungo kinachoelekea hewani. `nginx -t` inakagua maandishi kabla hujayatumia, usiiruke hata ukiwa umebadilisha nukta-mkato moja.

Ile 8.3 ni toleo la PHP linalokuja na Ubuntu 24.04. Ukiwa na toleo lingine, badilisha namba, la sivyo kila ukurasa wa PHP utakupa 502. Na ukilisahau kabisa lile fungu la `.php`, mgeni anapakua fomu yako kama faili, msimbo wote nje, pamoja na nywila kama umeiandika humo.

Kasia Moja

Shukrani dada, nimefuata hatua zote. Faili nimeziweka `/home/kasia/tovuti` ili nipakie bila sudo, na `root` ya Nginx nikaielekeza huko. Napata 403 Forbidden. Nimepiga `chmod -R 777` kwenye folda ya tovuti, bado 403.

Bi Amri

Kabla ya chmod yoyote, soma logi. Nginx haifichi kitu:

`sudo tail -n 20 /var/log/nginx/error.log`

Utakuta `13: Permission denied`. Halafu piga hii:

`namei -l /home/kasia/tovuti/index.html`

Itakuonyesha ngazi kwa ngazi, kitu kama hiki:

```
drwxr-xr-x root  root  /
drwxr-xr-x root  root  home
drwxr-x--- kasia kasia kasia
drwxrwxrwx kasia kasia tovuti
-rwxrwxrwx kasia kasia index.html
```

Tazama mstari wa tatu. Herufi tatu za mwisho za ruhusa ni `---`. Nginx inafanya kazi kwa jina la `www-data`, na ili ifike kwenye faili inahitaji `x` kwenye KILA folda ya njiani. Tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya hutengenezwa na ruhusa 750, yaani wengine hawapiti. Wewe umefungua chumba wazi wakati geti la nje lina kufuli.

Usilegeze folda ya nyumbani. Hamisha tovuti:

```
sudo mkdir -p /var/www/jinalako
sudo cp -r /home/kasia/tovuti/. /var/www/jinalako/
sudo chown -R kasia:www-data /var/www/jinalako
sudo find /var/www/jinalako -type d -exec chmod 755 {} \;
sudo find /var/www/jinalako -type f -exec chmod 644 {} \;
```

Folda ni yako, kwa hiyo utapakia bila sudo vilevile. Rudisha `root` ya Nginx ielekee huko. Na 777 isahau: fomu yako ya PHP ikiwa na tundu, anayepenya anapata ruhusa ya kubadilisha kurasa zote.

Kasia Moja

Imefunguka! Ila picha tatu za vyumba hazionekani, na kwenye kompyuta yangu zinaonekana.

Nanga

Fungua kurasa kwa simu, bonyeza anwani ya picha mojawapo. Ukiona 404, linganisha jina. Nabashiri kwenye HTML umeandika `chumba1.jpg` na faili inaitwa `Chumba1.JPG`. Windows haijali herufi kubwa na ndogo, kwa Linux hizo ni faili mbili tofauti. Tumia herufi ndogo tupu, bila nafasi, kila mahali.

Halafu zina ukubwa gani? Picha mbichi ya simu ni kama MB 4. Ukurasa wenye nane ni MB 32 za bando la mgeni ambaye hata hajaamua kuja. Zipunguze:

```
sudo apt install webp
cwebp -q 75 -resize 1200 0 Chumba1.JPG -o chumba1.webp
```

1200 ni upana, 0 ni kusema "urefu ufuate wenyewe". Kwa kawaida unapata KB 100 hadi 200 kwa picha. Kwenye `<img>` taja `width` na `height`, maandishi yasiruke picha zikishuka, na zilizo chini ya ukurasa ziwekee `loading="lazy"`.

Kama kurasa zinaonekana ndogo kwa simu hadi mtu atanue kwa vidole, umekosa mstari huu ndani ya `<head>`:

`<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`

Kasia Moja

Mkuu umebashiri sawasawa, yalikuwa majina. Sasa nimekwama kwenye HTTPS. Certbot (programu ya kuombea cheti cha HTTPS kwa Let's Encrypt) inasema `unauthorized` na `Invalid response ... 404`. Tovuti kwa simu na kwa kompyuta inafunguka vizuri. Nimejaribu mara nne.

Bi Amri

Simama hapo hapo. Let's Encrypt inaruhusu majaribio matano yaliyoshindwa kwa jina moja ndani ya saa moja, ukipitiliza unasubiri. Kuanzia sasa jaribu kwa `--dry-run`, hiyo inatumia seva yao ya majaribio.

Bandika ujumbe wote. Kabla ya neno "Invalid" kuna anwani ya IP, ni ipi?

Kasia Moja

Ni ndefu, ina herufi na nukta pacha, inaanza 2001. IP ya VPS yangu ni ya namba nne za kawaida.

Nanga

Umeipata. Hiyo ni IPv6, na siyo yako. Piga:

```
dig +short A jinalako.co.tz
dig +short AAAA jinalako.co.tz
```

Msajili alipokusajilia jina aliweka rekodi zinazoelekea ukurasa wake wa muda. Wewe ulibadilisha A, ya AAAA (ile ya IPv6) ikabaki. Laini yako haina IPv6, ndiyo maana unaiona tovuti yako. Let's Encrypt ikikuta AAAA inaitanguliza. Ingekuta kimya, ingerudi kwenye IPv4. Lakini imekuta seva ya msajili ikaijibu 404, na jibu ni jibu, haijaribu tena kwingine. Tena mgeni yeyote mwenye IPv6 saa hizi anaona ukurasa wa msajili.

Futa AAAA, au weka IPv6 ya VPS kama unayo. Subiri TTL yake ya zamani iishe, kisha:

```
sudo apt install certbot python3-certbot-nginx
sudo certbot certonly --nginx --dry-run -d jinalako.co.tz -d www.jinalako.co.tz
```

Ikipita, ondoa `certonly` na `--dry-run` urudie.

Kwa wengine watakaofika hapa na kosa la `Timeout`: huo ni ukuta, ama ufw yako ama ule wa kwenye paneli ya mtoa huduma, ambao wengi hatuukumbuki. `Connection refused` maana yake umefika kwenye mashine ila Nginx haijawaka. Na poti 80 iache wazi hata baada ya kupata HTTPS. Cheti ni cha siku 90, na certbot ikihuisha kwa njia hii inabishiwa hodi kwenye 80.

Pweza wa Nchi Kavu

Kwa kuwa umeng'ang'ania VPS, funga kuingia kwa nywila. Wengi huandika `PasswordAuthentication no` kwenye `/etc/ssh/sshd_config` wakalala usingizi, kumbe bado kumefunguka. Kwenye VPS nyingi za Ubuntu kuna `/etc/ssh/sshd_config.d/50-cloud-init.conf` yenye `yes`, nayo husomwa kwanza, na kwa SSH linalosomwa kwanza ndilo linaloshinda. Badilisha humo, `sudo systemctl restart ssh`, kisha hakiki:

`sudo sshd -T | grep passwordauthentication`

Dirisha ulilomo usilifunge mpaka umeingia kwa dirisha la pili.

Fomu nayo: `mail()` ya PHP haitafikisha kitu. Seva mpya haina programu ya kutuma barua, na watoa huduma wengi wa VPS huziba poti 25. Tumia PHPMailer (maktaba ya PHP ya kutuma barua), itume kupitia akaunti ya barua pepe uliyonayo kwa SMTP, poti 587. Nywila yake iweke kwenye faili nje ya `/var/www/jinalako`, ambayo `www-data` inaweza kuisoma.

Kasia Moja

Nimefuta AAAA, dry-run imepita, na cheti nimepata. `curl -I http://jinalako.co.tz` inanipa 301, ya https inanipa 200. sshd -T ilikuwa inasema yes, sasa inasema no. Asanteni sana. Fomu naishughulikia kesho. Kuna kitu nimesahau?

Bi Amri

Swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa), kwa kuwa una GB 1 tu:

```
sudo fallocate -l 1G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
echo '/swapfile none swap sw 0 0' | sudo tee -a /etc/fstab
```

Kisha `sudo certbot renew --dry-run` uone kama kuhuisha kutapita. Na ile TTL ya 300 irudishe 3600.