Nyonga inaniuma nikipiga hatua ndefu: je, upasuaji hauepukiki?

Mwalimu, Jinja
Ndugu zangu, tangu mwaka jana naumwa na nyonga ya kushoto, ndani kabisa chini ya tako, hasa ninapoharakisha kwenda darasani. Nikifupisha hatua, maumivu hupungua. Eksirei haikuonyesha kitu, dawa za mgongo hazikufaa, na sasa naambiwa nijiandae kwa upasuaji ambao sijaelezwa utarekebisha nini.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Kampala
Pole, Mwalimu. Hilo la hatua ndefu lina uzito kuliko yote uliyoandika. Kuna hali, kwa Kiingereza ischiofemoral impingement, ambayo msuli mfupi ulio kati ya mfupa wa kukalia na nundu ndogo ya ndani ya mfupa wa paja hubanwa kwa sababu nafasi hiyo ni finyu. Ilielezwa mwaka 1977 kwa watu waliokwisha kupasuliwa nyonga, lakini baadaye ikaonekana hata kwa wasiowahi kupasuliwa, wengi wao wanawake. Ulale ubavu wa kulia, mtaalamu auvute mguu wa kushoto nyuma ukiwa umesogezwa ndani, kisha auvute tena ukiwa umetanuliwa: ukiuma mara ya kwanza tu, shaka huongezeka. Kinachothibitisha ni MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na daktari aandike wazi anachotafuta, kwa sababu asiyeambiwa hupita juu ya msuli huo bila kuutazama. Nafasi isiyofika milimita 15 kwa kawaida huhesabiwa finyu, ingawa bila msuli kuvimba kipimo hicho peke yake hakitoshi.

Tiba huanza na mazoezi ya kuimarisha misuli ya ubavuni mwa nyonga ili paja lisiangukie ndani, pamoja na kufupisha hatua, na huchukua miezi. Yasiposaidia, huchomwa sindano ya ganzi na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa kuongozwa na ultrasaundi, kamwe si kwa kubahatisha, maana neva kubwa ya mguu inapita jirani.

Muuguzi, Soroti
Kabla ya kukimbilia ugonjwa adimu, kwetu Uganda tuulize kwanza kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi ambao huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu bila eksirei ya mwanzo kuonyesha, na kuhusu kifua kikuu cha kiungo. Je, dada, unapata homa, unakonda, au maumivu yako kwenye kinena?

Mwalimu, Jinja
Hapana, na selimundu nilishapimwa, sina. Nitaomba MRI kabla ya kusaini karatasi yoyote. Je, viti vigumu vya shule vina madhara?

Mtaalamu wa fiziotherapia, Kampala
Kukaa muda mrefu huweza kuyaamsha maumivu. Weka mto na usimame kila baada ya kipindi.