Machapisho ya wasanii huru: yaende makumbusho au yabaki kwetu?

Kipepeo_Wino: Wakuu, vijitabu na mabango ambayo wasanii wanajichapishia wenyewe, nani ayatunze? Franklin Furnace, kituo cha sanaa cha New York, ilianza kukusanya vitabu vya wasanii 1976, ilipofika 1993 mkusanyo ukaenda MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya hukohuko. Kwangu hapo walisalimu amri. Kitu kilichozaliwa ili kuikwepa makumbusho kinaishia humohumo, na kukiona ni kwa miadi. Tena watunzaji wenyewe wakikipata tu, cha kwanza kung'oa pini za stepla zilizobana kurasa.

Fundi_Makabrasha: Kung'oa pini kumekukosea nini? Nimeifanya kazi hiyo miaka 11. Pini ya chuma hushika kutu, kutu hula karatasi, mwisho unabaki na kurasa zilizotoboka. Tunaitoa taratibu, tunashona kwa uzi katika matundu yaleyale. Msituseme kama vibaka.

Kipepeo_Wino: Nani kasema vibaka? Pini ni sehemu ya kazi. Msanii kaibana mwenyewe, imekaa upande, na huo upande ni mkono wake. Ukishona umetengeneza kitabu chako.

Mjukuu_wa_Stensili: Jamani, mada! Ed Ruscha, msanii wa Marekani, alitoa kitabu chake cha vituo vya petroli 1963, nakala 400. Maktaba ya Bunge la Marekani ikakikataa, naye akakitangaza kwenye jarida la Artforum kwa kujisifia kukataliwa huko. Hao ndio mnaotaka kuwakabidhi? Bora vikae majumbani.

Bi_Rejista: Majumbani, mwanangu, ndiko vinakofia. Msanii akifariki, warithi wanaona maboksi yamejaza chumba, basi. Kuna njia ya katikati: Asia Art Archive ya Hong Kong, iliyoanza 2000, inapiga nakala za dijitali za hazina za wasanii, na mara nyingi karatasi zenyewe zinabaki kwa mwenyewe. Ila mtu akae aandike kwenye rejista kila karatasi ni ya nani, ya lini, na waliomo pichani ni akina nani. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo nyote mnapopita mbio.

Fundi_Makabrasha: Dijitali tena! Flash, programu iliyokuwa ikiendesha katuni na michezo mtandaoni, ilizimwa mwisho wa 2020, na kazi za sanaa zilizojengwa juu yake zikagoma kufunguka hadi watu wakatengeneza programu za kuiigiza. Mimi nina kijitabu hapa, kutu imekila pembeni, na bado kinasomeka.

Kipepeo_Wino: 😂 Kumbe na kutu kinasomeka! Sasa pini ulikuwa unaing'oa ya nini miaka 11?

Fundi_Makabrasha: Soma vizuri. Nimesema BADO.

Bi_Rejista: Nimeleta habari ya rejista, mmejibu pini.

Mpita_Njia: Samahani, mimi mgeni. Kwani hakuna pini zisizoshika kutu?