Tumechoka na historia ya granji isiyomtaja Tina Bell

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha. Kila makala na kila uzi unaoeleza historia ya granji, ule muziki mzito wa roki wa Seattle, Marekani, hupita njia ile ile: vijana wa Kizungu wenye mashati ya drafti waliibuka Seattle, albamu ya Nevermind ya bendi ya Nirvana ikatoka Septemba 1991, Januari 1992 ikamng'oa Michael Jackson kileleni mwa chati ya Billboard, mwimbaji wao Kurt Cobain akajiua Aprili 1994, na muziki wote ukazikwa pamoja naye. Masimulizi haya yanadhulumu watu, na aliyedhulumiwa kuliko wote ni Tina Bell.

Bell, Mmarekani Mweusi, alikuwa mwimbaji kiongozi wa Bam Bam, bendi aliyoianzisha Seattle mwaka 1983 pamoja na mumewe, mpiga gitaa Tommy Martin. Mwaka 1984 walirekodi nyimbo zao katika studio ya Reciprocal Recording. Green River, bendi nyingine ya Seattle, walikuwa bado hawajatoa rekodi yao ya kwanza. Mkusanyiko wa nyimbo za bendi za Seattle uitwao Deep Six, ambao wengi huuhesabu kuwa ndio mwanzo wa kila kitu, ulitoka 1986, na Nirvana walirekodi albamu yao ya kwanza, Bleach, katika studio yenye jina hilo hilo la Reciprocal miaka kadhaa baadaye. Ukisikiliza rekodi hizo za Bam Bam unakuta magitaa mazito yanayokwaruza na uzito wa hevi metali uliochanganywa na ghadhabu ya panki, na juu ya hayo yote sauti ya mwanamke asiyeomba ruhusa ya mtu. Aliyewapigia dramu mwanzoni alikuwa Matt Cameron, yule yule aliyekwenda bendi ya Soundgarden, kisha Pearl Jam, na mwaka 2017 akaingizwa na Pearl Jam katika Rock and Roll Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa wanamuziki wa roki. Mpiga dramu anajulikana dunia nzima. Mwanamke aliyeimba mbele yake hatajwi.

Nikiuliza sababu, najibiwa kwamba Bam Bam hawakuuza. Basi Green River waliuza nini walipokuwa hai? Walivunjika kabla granji haijaingiza fedha za maana, na bado tunawaita waasisi, kwa haki kabisa. Kipimo hicho hicho kwa nini kinabadilika kikimfikia Bell, ambaye alifariki Las Vegas mwaka 2012 kabla waandishi wengi hawajakumbuka kumtafuta?

Wala si yeye peke yake. Kim Thayil, ambaye gitaa lake ndilo uti wa mgongo wa Soundgarden, ni mtoto wa wahamiaji kutoka India, na aliianzisha bendi hiyo na Chris Cornell na Hiro Yamamoto. Mia Zapata, mwimbaji wa bendi ya The Gits, aliuawa Julai 1993, na wanawake wa Seattle wakaunda kikundi cha Home Alive ili kufundishana kujilinda. Haya nayo ni historia ya granji.

Hata anguko lenyewe la granji linasimuliwa ovyo. Albamu ya Superunknown ya Soundgarden ilitoka Machi 1994 na bendi ikaendelea hadi 1997. Pearl Jam, katika mwaka huo huo wa msiba, walikuwa wakipambana na kampuni ya kuuza tiketi ya Ticketmaster kuhusu bei za tiketi. Kilichouchosha muziki huu zaidi ni kampuni zilizosaini kila aliyefanana na Nirvana, na vyombo vya habari visivyohakiki chochote. Novemba 1992 New York Times lilichapisha orodha ya misemo ya vijana wa Seattle ambayo Megan Jasper, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya rekodi ya Sub Pop, alikuwa ameibuni yote kichwani. Waandishi wa aina hiyo ndio waliotuachia orodha ya waasisi tunayoikariri hadi leo.

Kwa hiyo ninadai jambo moja kwa kila atakayeandika tena hapa kuhusu chimbuko la granji: aanzie kwenye rekodi za 1984, na amtaje aliyeziimba kwa jina.