Binamu ananishawishi nichukue Vision Pro tatu nije niuze Kariakoo. Hizi miwani za VR, zinazokuonyesha dunia ya kompyuta mbele ya macho, zina soko kweli, au nitalala na mzigo?

Kifremu cha Kona (mleta uzi):
Wakuu, poleni na majukumu.

Nina kifremu Kariakoo, nauza simu, chaja na makava. Binamu yangu yuko Texas, amepata jamaa anayeachia Apple Vision Pro tatu zilizotumika, kila moja dola 1,900. Mpya dukani kwao ni dola 3,499, ambayo kwa pesa yetu inapita milioni nane. Tatu zote zitanila kama milioni kumi na nne. Nilizonazo ni kumi na tano, na sita kati ya hizo ni za VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa.

Hoja ya binamu ni kwamba hata simu janja watu walizicheka mwanzoni, na aliyewahi ndiye aliyekula.

Mimi miwani hiyo nimeivaa mara moja tu, mteja alikuja nayo anatafuta chaja. Sitasema uongo, nilisahau kama niko Kariakoo. Alikuja kipepeo akatua kwenye kidole changu, halafu dude la kale lenye meno likachungulia kutoka ukutani. Nilipoivua nikakuta winga (dalali) wa jirani ameshanirekodi na kunirusha status, nimenyoosha kidole hewani mdomo wazi.

Naombeni ushauri wa kweli. Hizi zitakuja kuwa za kila mtu, au ni za matajiri wachache tu?

Kobe Mzee:
Nimekaa hapa na kahawa yangu. Mimi bado natumia simu ya tochi, ngoja wenye milioni nane waje.

Mbeba Boksi:
Mkuu, niko huku Marekani na hiyo kitu ninayo. Niliinunua Februari 2024, wiki ile ile ilipotoka. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nalala chali naangalia muvi kama nimekodi ukumbi mzima peke yangu. Picha yake hakuna TV inayoigusa, hilo nakupa bure.

Mwezi wa tatu ikahamia kabatini. Zaidi ya gramu 600 zinakaa usoni, betri iko kwenye waya unaiweka mfukoni, na baada ya saa mbili hivi imekata. Mke wangu alikuwa akiniita mara tatu ndiyo nasikia. Siku moja akaniuliza, "Baba Juni, hivi wewe upo au umesafiri?" Tukiangalia TV tunaangalia wote. Ile naangalia mimi, wengine wananiangalia mimi.

Sasa njoo kwenye biashara yako. Ukiinunua dukani wanapima uso wako kwa kamera ya simu ili kile kizuia mwanga kikae sawasawa. Hizo tatu zimepimwa kwa sura ya mtu mwingine. Mteja wako wa Masaki akija na uso mpana, mwanga unaingia pembeni na shavu linauma. Anayevaa miwani ya macho ndiyo kabisa, lazima anunue lenzi za ZEISS za kupachika ndani, dola 99 za kusomea au 149 za kupimwa. Utazitoa wapi hapo Kariakoo? Na kioo cha mbele kikipasuka, kama hukulipia bima yao, kukitengeneza ni dola 799. Hapo unatengeneza huku, siyo kwa fundi wa mtaa wa Aggrey.

Mwaka 2024, akiwa bosi wa Apple, Tim Cook mwenyewe alikiri kwamba kwa bei hiyo siyo bidhaa ya umma, ni ya wale wanaotaka kutangulia. Kama mwenye mali anasema hivyo, wewe unataka kumbishia na pesa za VICOBA?

Soko Huria:
Wengi mnasema shida ni bei. Mimi nakataa. Bei ilishashuka siku nyingi.

Mwaka 2016 miwani ya Oculus Rift ilikuwa dola 599 na HTC Vive 799, watu wakasema ngoja ishuke. Samsung walikuwa na ya kuchomeka simu kwa dola 99. Google walikuwa na ya boksi la karatasi, karibu na bure. Zile za simu zote zimekufa. Quest 2 ya Meta, wenye Facebook, ilikuja mwaka 2020 kwa dola 299, na Quest 3S ikatoka 2024 kwa hiyo hiyo, bei ya simu ya kawaida tu. Zinauzwa, sikatai, hasa kwa wapenda gemu. Ila kitengo cha Meta kinachozitengeneza kilipata hasara ya dola bilioni 17.7 mwaka 2024 peke yake. Walipojaribu ya ghali, Quest Pro, ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,499, na kufika Machi iliyofuata walishaishusha hadi 999.

Kuhusu simu janja, binamu yako kafananisha visivyofanana. Simu ilimeza kamera, ramani, saa, kikokotoo, redio na tochi ya Kobe Mzee. Miwani ya VR imemeza nini mpaka leo?

Kobe Mzee:
Tochi yangu muiache.

Mama Vichwa Kumi:
Niongee niliyefanya. Nilifungua kibanda cha VR Mwanza, kwenye jengo moja la maduka, na Quest 2 mbili. Elfu tano kwa dakika kumi. Mwezi wa kwanza Jumamosi na Jumapili nilikuwa naandika majina kwenye daftari, foleni mpaka kwenye ngazi. Mwezi wa tatu nikawa nawaita wapita njia kama konda.

Mtu anavaa, anapiga kelele, anafurahi kweli, anaenda zake. Wa kurudi mara ya pili ni wa kuhesabu. Ya kwanza ni maajabu, ya pili ameshaiona.

Halafu kuna mambo hamyaoni kwenye YouTube. Joto letu hili, vioo vinaingia ukungu na sponji inalowa jasho, kila mteja lazima ufute. Dada kasuka rasta za juu, mkanda haupiti. Mwingine katoka saluni na poda kamili usoni, akivua nusu ya sura inabaki kwenye sponji. Mtoto mmoja alikuwa anacheza ndondi, akamtandika baba yake ya mdomo.

Kilichoniokoa ni TV. Niliunganisha miwani na TV kubwa ili nje waone anachokiona aliye ndani, umati ukajaa kucheka, nikawauzia juisi. Juisi ilinilipa kuliko VR.

Ramani Mkononi:
Msizike mtu mzima mzima. Mimi ni mchoraji wa majengo, Quest 3 ninayo na inanilipa. Kuna mteja alikuwa anajenga Kigamboni, nikamvisha, akazunguka nyumba ambayo hata msingi haujachimbwa. Akafika kwenye ngazi akasema hapa mama yangu na fimbo yake hapiti. Tukazipanua kwenye kompyuta siku ile ile. Zege lingekuwa limemwagwa, hayo yangekuwa mengine.

Ila angalia, mleta uzi: nimenunua moja na sitanunua nyingine kesho kutwa. Ofisi za aina yangu huwezi kuzifungulia duka. Hata Microsoft walilenga makazini na miwani yao ya HoloLens 2 ya dola 3,500, wakaacha kuitengeneza mwaka 2024.

Kama unataka kitu cha usoni, fuatilia Ray-Ban za Meta. Zinafanana na miwani ya jua ya kawaida, hazikufungii dunia, zinapiga picha, na zilipotoka 2023 bei ilianzia dola 299. Kufika mwanzoni mwa 2025 zilishauzwa milioni mbili tangu mwishoni mwa 2023. Watu wanavaa bila kuonekana vichaa.

Msee wa Umoja:
Boss, mimi niko Nairobi na swali langu ni moja tu. Kama hiyo mali ni moto hivyo, mbona huyo jamaa haiuzi hapo hapo Texas? Wanunuzi si ndio wako huko?

Kifremu cha Kona:
Msee, umeniua. Hilo swali nimemtumia binamu kama lilivyo. Tiki za bluu, kimya dakika arobaini, halafu akajibu, "Jamaa kashusha mpaka 1,500." Hakujibu nilichouliza.

Mbeba Boksi:
Wiki ijayo itakuwa 1,200. Yangu pia ipo, ukitaka.

Kifremu cha Kona:
Mrejesho, wakuu. Nimemwambia binamu hapana, kanuna lakini atapoa. Za VICOBA sizigusi. Mama Vichwa Kumi, nimekufuata inbox kuhusu ile ya TV na juisi, naomba unijibu.

Ila kile kipepeo, jamani. Mpaka leo nakiangalia kidole.

Kobe Mzee:
Winga aliyerekodi yuko wapi? Atuwekee video hapa.