Tunahakikishaje kwamba aliyeleta maktaba mpya ataendelea kuitunza?

Msimamizi, Lubumbashi
Ndugu zangu, kikundi chetu kinatunza maktaba kadhaa za programu huria, yaani vipande vya msimbo ambavyo programu nyingine huvitumia: moja huhakiki namba za simu zinazoanza na +243, nyingine hupanga anwani kwa majimbo. Sasa mwanafunzi mmoja ametuletea maktaba inayoandika kiasi cha faranga kwa maneno, kama kwenye risiti. Msimbo wake ni safi na una majaribio ya kutosha. Hofu yangu ni kwamba akimaliza masomo na kupata kazi Kolwezi, sisi ndio tutakaobaki na kitu ambacho hakuna anayekielewa. Tumtake nini kabla ya kuipokea?

Fundi wa Katuba
Ndugu Msimamizi, ahadi peke yake haitoshi, hata ikiandikwa. Mwombe atafute mwenzake mmoja aliyekwisha kurekebisha hitilafu katika msimbo huo, na wote wawili wawe na haki ya kutoa toleo jipya. Maktaba isiyo na mtu huoza hata kama haikuguswa: mwaka 2015 majimbo ya nchi yetu yalitoka 11 hadi 26, Katanga ikagawanyika kuwa manne, na programu yoyote iliyobaki na orodha ya zamani ikaanza kuandika anwani za uongo bila kutoa onyo lolote. Wenzetu wa Boost, wanaokusanya maktaba za lugha ya programu ya C++, hupitisha kila maktaba katika ukaguzi wa wazi, na mwandishi hutarajiwa kuendelea kuitunza baada ya kupokewa.

Mama Programu, Bukavu
Nakubaliana na kaka, ila naomba tusimbane mtu anayejitolea mpaka akabidhi funguo kwa yeyote atakayejitokeza. Mwaka 2018 mtunzaji wa maktaba iitwayo event-stream, aliyekuwa haitumii tena, alimpa mgeni mradi wake, na mgeni huyo akaingiza msimbo wa kuiba fedha za bitcoin. Katika xz, programu ya kubana mafaili, mlango wa siri uliogunduliwa mwaka 2024 uliwekwa na mtu aliyejenga uaminifu kwa miaka, huku mtunzaji aliyechoka akisukumwa na sauti za watu wakidai apate msaidizi. Kwa hiyo huyo mtunzaji wa pili awe mtu ambaye kikundi kinamfahamu, na afadhali atoke kwetu. Ikiwa hakuna mwanakikundi aliye tayari kusoma msimbo huo mzima, basi tusiupokee. Mwanafunzi aendelee kuutoa kwa jina lake, nasi tuuelekeze tu.

Msimamizi, Lubumbashi
Asante, mama, asante, kaka. Nitauliza Jumamosi nani atausoma. Asipopatikana mtu, nitamweleza mwanafunzi sababu waziwazi, ili asidhani kwamba kazi yake imedharauliwa. Bado sijui tufanye nini na zile tulizokwisha kupokea ambazo watunzaji wake hawajibu tena.

Fundi wa Katuba
Hizo ziandikwe juu kabisa ya maelezo yake kwamba hazina mtunzaji, leo hii, kabla hatujapokea nyingine.